Mtu wa Pili wa Kupigiwa

Mwanaima aliweka vifaa viwili juu ya kioo cha kaunta, akavisogeza mbele ya Scolastika na mumewe. Duka lake lilikuwa kando ya barabara iendayo mgodini, pale Geita, limejaa koleo, kofia ngumu, taa za kichwani, mizani midogo ya dhahabu na vigunduzi vya madini vilivyoning'inizwa ukutani. Wateja wake wengi walikuwa wachimbaji waliokuja mmoja mmoja na haraka zao. Mke na mume waliotoka Shinyanga asubuhi kuja kununua kitu kimoja kwa pamoja, hao hakuwazoea.

"Hiki cha rangi ya chungwa ni cha kubonyeza tu," alisema. "Ukipatwa na jambo unainua antena hii, unabonyeza. Ishara inapanda setilaiti, na setilaiti inawaambia wahusika kwamba fulani yuko mahali fulani na yuko taabani. Betri inakaa miaka mitano bila kuguswa. Hakuna malipo ya mwezi. Lakini hakisemi kitu kingine, na chenyewe hakisikii."

"Na hiki cheusi?" Scolastika aliuliza.

"Hiki kinatuma meseji na kinapokea. Unaandika kule, inashuka kwenye simu ya mtu aliyeko nyumbani. Nacho kina kitufe cha dharura, hiki hapa chini ya kifuniko. Ila kinataka chaji, na kila mwezi unakilipia. Usipokilipia kinakuwa jiwe."

Deusdedit alichukua kile cha chungwa, akakipima uzito kiganjani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea porini wiki tatu au nne kwa mkupuo akichukua udongo wa sampuli kwa ajili ya watafutaji wa dhahabu. Kila baada ya mita hamsini anachimba shimo la kina cha goti, anajaza mfuko, anauandika namba, anasonga mbele.

"Hiki kinanitosha," alisema. "Mimi huko sina habari za kupeleka. Kama nipo, nipo."

"Na mimi niliyeko huku?"

"Wewe utajua nikirudi."

Msimu uliopita mwenzake Deusdedit mmoja wa kazi aliumwa na nyoka, wakambeba siku mbili, akakata roho kabla hawajafika mahali simu inaposhika. Scolastika, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyemshonea mjane gauni la msiba. Alipokuwa anampima kiuno, yule mama alisema neno moja tu: kwamba saa ile mumewe anakufa, yeye alikuwa harusini anacheka. Neno hilo Scolastika alikuwa hajalisimulia kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe.

"Tunachukua hiki cheusi," alisema.

"Hiyo si hela ya cherehani ya pili?" Deusdedit aliuliza taratibu, bila kumtazama.

"Ndiyo."

Alikuwa ameitunza kwenye kikundi cha akina mama miaka miwili. Eustace, mkandarasi aliyekuwa anawapeleka akina Deusdedit porini, aliwapa redio za mkononi ambazo ukivuka kilima kimoja tu zinakoroma. Wafanyakazi walipomwomba kitu bora zaidi, aliwaambia anayetaka bora ajinunulie.

Mwanaima aliuliza maswali mengi kuliko walivyotarajia. Huko kuna miti mikubwa? Watalala bondeni au mlimani? Nani mwingine kwenye kundi anajua kusoma na kuandika? Akamfundisha Deusdedit kutafuta mahali pa wazi, kwa sababu kifaa kinataka kuona anga. Akamwandalia na karatasi za kibali cha kukitumia. Mwisho akawasha kompyuta ili wakisajili.

"Hapa wanataka watu wawili wa kupigiwa simu kukitokea la kutokea. Wa kwanza ni wewe, mama. Wa pili?"

Mke na mume walitazamana.

"Binti yetu, Ritha," Scolastika alisema.

"Yuko wapi?"

"Ameolewa Tunduma."

Mwanaima alitikisa kichwa. "Tunduma ni mbali. Nikwambie ukweli, mama, maana nimeviuza vingi na watu wanadhani wamenunua helikopta. Hiki kifaa hakimtoi mtu porini. Kinapiga kelele tu. Huyo wa pili awe mtu mwenye gari, au mwenye sauti mbele ya watu. Mtu akiambiwa njoo, anakuja."

Mwanaima akajifanya anafuta vumbi kwenye mizani. Scolastika alikuwa anawapitia watu kichwani. Jirani wa kushoto alikuwa amehama. Padri alikuwa mgeni. Akina mama wa kikundi walikuwa na simu zisizo na salio. Hakuwahi kufikiri kwamba angeombwa jina moja tu la mtu wa kuja, akalikosa.

"Andika kaka," Deusdedit alisema hatimaye. "Bujiku. Yuko Mwadui, ana pikapu."

Kaka huyo hawakuwa wamesemezana naye sawasawa tangu mgawo wa ng'ombe wa marehemu baba yao. Scolastika alilijua hilo. Akaisoma namba polepole, tarakimu moja moja.

&nbsp;

Jioni yake, wakiwa wamesharudi nyumbani kwao Ngokolo, alimpigia shemeji yake kumwomba ruhusa, kwani Deusdedit alisema yeye hana la kuongea naye.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo jua limetokea wapi?"

Akamweleza. Bujiku alisikiliza huku akitafuna kitu.

"Yaani mna hela ya kununua mitambo ya setilaiti," alisema, "na mimi mnanitafuta kwa ajili ya jina."

"Ni kwa dharura tu, shemeji. Mungu aepushe."

"Andikeni. Jina haliliwi."

Scolastika alishukuru mara tatu. Alipokata simu alikuta Deusdedit yuko mlangoni anafunga kamba za begi. Hakuuliza kaka yake amesema nini.

Aliondoka Jumanne alfajiri na wenzake watatu kwenye gari la Eustace.

&nbsp;

Siku za mwanzo ilikuja meseji ileile kila siku saa kumi na mbili jioni, ile iliyokwisha kuandikwa ndani ya kifaa: Tumefika kambi, wote wazima. Scolastika aliisoma akiwa amesimama uani na kuirudia akiwa ameketi. Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Alizoea kupika, kula upande mmoja wa sufuria na kufunika upande wa pili kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuumaliza.

Siku ya tano meseji ikabadilika. Leo tumekuta maji. Nimeoga.

Akakaa na simu mkononi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mwanamume huyu hajawahi kumwambia kwamba ameoga. Akajibu: Maji ya mto au kisima? Baada ya robo saa jibu likashuka: Mto. Baridi. Wiliam kaogopa kuingia.

Wiliam alikuwa kijana mwenzake wa kazi, mwenye mke na mtoto mmoja pale Geita. Jioni zilizofuata Scolastika akamjua Wiliam kuliko alivyowajua majirani: anakoroma, anaimba kwaya anapochimba, viatu vyake vimepasuka. Akajua pori lilivyo. Kuna mizinga ya nyuki imetundikwa miti mizima mizima. Kuna mwamba mwekundu umepasuka katikati kama mkate. Jioni moja iliandikwa: Huku giza likiingia ni kimya sana. Nawaza wewe unafanya nini.

Alizima cherehani, akaandika na kufuta, akaandika na kufuta, mwisho akatuma: Nashona sare za shule. Alijilaumu usiku mzima kwa jibu hilo.

Siku ya kumi na tatu ikaja: Ile ngiri inasumbua kidogo.

Ngiri ile aliijua. Ilikuwa kinenani, upande wa kulia, na miaka mitatu alikuwa anamsihi aende akapasuliwe. Mwenyewe aliirudisha ndani kwa vidole na kuendelea na shughuli zake. Akamwandikia: Rudi. Akajibiwa: Zimebaki siku nane. Sibebi mizigo, Wiliam anabeba.

&nbsp;

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu iliita kwa namba ndefu ya ajabu. Scolastika alikata. Siku hizo matapeli walikuwa wanawapigia watu kwa namba za kila aina. Ikaita tena, akakata tena. Mara ya tatu akapokea kwa hasira.

"Mama, tafadhali usikate," ilisema sauti ya mwanamke, Kiswahili safi lakini cha mahali asipopajua. "Mimi ni mkalimani. Niko na ofisa wa kituo cha dharura kinachopokea ishara za setilaiti. Je, wewe ni mke wa Deusdedit?"

Mguu wake ulibaki juu ya pedali ya cherehani.

"Ndiye mimi."

"Amebonyeza kitufe saa tatu na dakika hamsini na mbili. Ameandika hivi: Ngiri imetoka hairudi. Natapika. Tumbo gumu. Tumewasiliana na mamlaka za huko kwenu, wanatafuta gari, hawajasema litatoka saa ngapi. Ofisa anauliza kama una mtu aliye karibu na eneo hilo mwenye usafiri."

"Mpigieni Bujiku. Yumo kwenye fomu. Ni kaka yake."

Maneno ya kigeni yakapita chini kwa chini.

"Mama, tulimpigia yeye ulipokuwa hupokei. Alisema mtu huyo hamjui."

Scolastika aliuliza, "Alisemaje?" ingawa alikuwa amesikia. Mkalimani akarudia kwa upole, kana kwamba kosa ni lake.

Akampigia Bujiku mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Shemeji, mdogo wako anakufa porini."

"Kumbe ni kweli? Nilijua ni wale matapeli. Mtu anakwambia setilaiti, setilaiti, ungefanyaje?"

"Sawa, shemeji. Sasa ni kweli. Naomba gari."

"Gari liko gereji."

"Gereji gani? Nitamlipa fundi."

"Mama Ritha, nimekwambia liko gereji," Bujiku alisema. Nyuma ya sauti yake Scolastika alisikia mlango wa gari ukifungwa na injini ikiwashwa. Inawezekana lilikuwa gari la mtu mwingine. Hakuuliza. Alisema asante, kwa mazoea, na akajichukia kwa kuisema.

Eustace alipokea haraka na kuongea haraka zaidi. Gari lake lilikuwa Kahama na sampuli, dereva angerudi kesho mchana. "Na nikukumbushe, mama, hicho kifaa mmenunua wenyewe. Kwangu haijafika taarifa yoyote rasmi."

"Ndiyo nakupa sasa hivi."

"Niandikie basi kwa meseji, iwe kumbukumbu."

Aliandika. Kwa haraka aliyokuwa nayo neno ngiri liliandikika nyani, na Eustace akajibu: Nyani amefanya nini?

Scolastika aliweka simu juu ya rundo la sare. Nje mwanamke alikuwa anapita akitangaza dagaa. Alitaka kulia lakini hapakuwa na mtu wa kumlilia, na akili yake ikamwambia kwamba kulia kungemaliza dakika tano. Akachukua tena simu, akampigia mtu aliyeonana naye mara moja tu maishani.

"Dada Mwanaima, ni mimi, mama wa Shinyanga. Wa kifaa cheusi."

"Amebonyeza?" Mwanaima aliuliza.

"Amebonyeza."

"Nitumie zile namba za mahali alipo, zinazokuja chini ya meseji zake."

Ndani ya dakika chache Mwanaima alikuwa ameziingiza kwenye ramani. "Kijiji cha karibu ni Ilolambugu. Kama kilomita kumi na moja. Mimi huko simjui mtu, lakini kuna mnunuzi wa dhahabu hapa jirani anakwendaga. Subiri." Scolastika alimsikia akivuka barabara na kandambili zake, akibishana na mwanamume, kisha akarudi hewani. "Andika hii namba. Ni kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, anaitwa Maduhu. Mimi natafuta gari la kuwasubiri barabara inapoishia."

Kamanda Maduhu alikuwa shambani. Scolastika alimwamkia kwa Kisukuma, akaitikiwa kwa Kisukuma, na kabla ya lolote aliulizwa yeye ni binti wa nani, wa wapi, na huyo mume ni wa ukoo gani. Alijibu yote. Alitamani kupiga kelele kwamba mtu anakufa, lakini aliijua sauti ile ya mzee anayetaka kujua anamtolea nani watu wake, akaiheshimu.

"Sasa yuko wapi?" Maduhu aliuliza.

Akamsomea namba za ramani.

"Mwanangu, hizo ni namba za simu?"

"Hapana, baba. Ni za mahali."

"Mimi huku sina mahali penye namba. Niambie anaona nini."

Akaandika kwa mumewe: Unaona nini hapo ulipo? Niambie miti, milima, kila kitu. Akasubiri uani, simu ameinyanyua juu bila sababu, kwani simu yake haikuhitaji anga. Dakika zilipita kumi na mbili. Jibu lililoshuka lilikuwa la mkono mwingine: Mimi Wiliam. Mzee hawezi kuandika. Tuko chini ya ule mwamba mwekundu, upande jua linapotokea. Mizinga ipo juu ya mti mmoja mkubwa wa mtundu, imepakwa chokaa nyeupe. Njoeni.

Alipomsomea Maduhu, mzee aliguna. "Mizinga yenye chokaa ni ya shemeji yangu. Kata simu nipige yowe watu wakusanyike."

&nbsp;

Mwanaima alipata gari la abiria, lile dogo ambalo watu wa huko huliita mchomoko. Dereva alikataa kusogea kabla ya kulipwa, akisema porini ataua springi. Scolastika alimtumia pesa iliyokuwa ya vitambaa vya sare, malipo ya awali ya shule nzima, na hakuwa na muda wa kuogopa. Kisha akafunga nyumba, akapanda basi la Kahama ili aunganishe la Geita.

Safari ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri. Alikaa dirishani. Mtu wa pembeni yake alikuwa amelala, mdomo wazi. Kila nusu saa mkalimani alipiga kuuliza kama kuna jipya, na Scolastika alimweleza: kamanda ametoa wanaume kumi na wanne, wana pikipiki nne na wengine baiskeli, pikipiki zitafika mpaka kwenye korongo, kutoka hapo ni miguu. Ofisa aliuliza kama wana machela. Scolastika hakujua. Akampigia kijana mmoja wa sungusungu, akaambiwa watakata miti na kufunga blanketi. Akamrudishia mkalimani jibu alipopiga tena. Ofisa akasema ni vizuri. Ofisa akasema mgonjwa asipewe chakula wala maji mengi. Akaandika kwa Wiliam: Usimpe chakula. Wiliam akajibu: Ameomba maji tu, analia.

Alisoma neno hilo, analia, huku mashamba ya pamba yakipita dirishani. Hakuwahi kumwona Deusdedit akilia, hata walipomzika mtoto wao wa pili. Alikuwa mtu wa kutoka nje na kurudi macho mekundu, akisema ni vumbi.

Saa saba na nusu, nje kidogo ya Kahama, ikashuka: Wamefika. Ni wengi. Tunabeba.

Scolastika alimgeukia mtu wa pembeni, akitaka kumwambia. Alikuwa bado amelala. Akaipiga ile namba ndefu ya kigeni iliyompigia, bila kujua kama inapigika, lakini haikupigika. Ikabidi asubiri mpaka mkalimani apige mwenyewe.

"Wamemfikia," alisema mara tu aliposikia sauti yake.

"Alhamdulillahi," mkalimani alisema, kisha haraka akarudi kwenye kazi yake na kumtafsiria ofisa.

&nbsp;

Scolastika alifika hospitali ya Geita saa kumi na moja jioni. Mumewe alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Mwanaima alikuwa kwenye benchi, amejaa vumbi kuanzia ushungi mpaka miguu, na pembeni yake Wiliam, ambaye alimtambua kwa viatu vilivyopasuka. Kijana aliinuka akamwamkia. Akamkabidhi kile kifaa cheusi kwa mikono miwili.

Mwanaima ilibidi arudi kufungua duka. Wiliam alikwenda kwa mkewe kuoga. Scolastika akabaki peke yake kwenye korido, mfuko wa nguo za mumewe mapajani, kuna watu wanapita na ndoo na shuka. Daktari alipotoka alisema wamekata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshaanza kufa, lakini mgonjwa amestahimili. Angecheleweshwa mpaka kesho yake, alisema, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Simu ikaita, ile namba ndefu.

"Ofisa anaomba uthibitisho kwamba mgonjwa yuko hospitali na yuko hai, ili afunge tukio."

"Yuko hai. Wamemaliza kumpasua."

Akasikia maneno ya kigeni, na mtu akicheka kidogo kwa furaha huko mbali.

"Basi, mama, tunafunga. Hutapigiwa tena."

"Subiri," Scolastika alisema. "Wewe unaitwa nani?"

"Haturuhusiwi kutaja majina, mama."

"Uko nchi gani?"

"Samahani, hilo nalo haturuhusiwi."

"Leo umeongea nami mara kumi na saba. Nimezihesabu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za mume wangu mara kumi na saba."

Mkalimani alishusha sauti. "Pole na kazi, mama. Umefanya kazi kubwa." Kisha kwa sauti ya ofisi akasema simu hii sasa itafungwa, na ikafungwa.

&nbsp;

Jumapili wodi ilijaa wageni. Deusdedit alikuwa ameegemezwa mto, amekonda mashavu, lakini macho yamerudi. Wenzake wa kazi walikuja, mke wa Wiliam akaja na uji. Eustace hakuja, alituma salamu na swali: mifuko ya sampuli ya siku ya mwisho ilifunikwa turubai? Saa nane akaingia Bujiku na machungwa kumi kwenye mfuko wa nailoni, amepiga shati jeupe. Pikapu yake aliiegesha nje chini ya dirisha, imeoshwa inang'aa.

"Mdogo wangu, siku ile tulihangaika," alisema, akishika nguzo ya kitanda. "Simu huku, simu kule. Mimi mwenyewe walinipigia hao wazungu."

"Najua, kaka," Deusdedit alisema. "Asante sana."

Scolastika alikuwa anamenya chungwa. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

Wageni walitaka kusikia ilivyokuwa, na Deusdedit, ambaye maisha yake yote watu walimvuta maneno kama wanang'oa jino, siku hiyo alisimulia. Alisimulia maumivu, na jinsi alivyotambaa kutoka chini ya miti mpaka mahali pa wazi. "Nikainua kifuniko, nikabonyeza. Basi. Nilichokuja kuona baadaye ni wanaume wanatokea kwenye majani. Kidude kile kimeniokoa. Unabonyeza tu."

"Teknolojia," mtu mmoja alisema, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Kifaa kikapitishwa mkono kwa mkono. Bujiku alikigeuzageuza na kuuliza bei.

"Mwulize Mama Ritha," Deusdedit alisema. "Yeye ndiye alilipia." Halafu akamtazama mkewe, akionekana kujaribu kukumbuka jambo. "Hivi wewe ulifika hapa lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ileile? Ulijuaje?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Bujiku alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya kifaa kwa makini sana. Scolastika angeweza kusema. Maneno yalikuwapo yote, yamepangwa kwa saa na dakika. Lakini aliona ule mkono wenye sindano juu ya shuka, na uso wa mtu aliyefurahi kumpata kaka yake.

"Nilipigiwa simu," alisema. Akampa chungwa, akachukua bakuli la uji na kutoka nje kuliosha.

Bombani palikuwa na mwanamke wa makamo akisuuza kanga, mgeni kabisa kwake, miguu yake ina udongo mwekundu wa machimboni. Alisogea kumpisha.

"Una mgonjwa?"

"Mume."

"Anaendeleaje?"

"Ameamka. Anaongea."

"Nilisikia wodini wanamsema. Kwamba alikuwa porini kabisa, hata simu hazifiki." Mwanamke alikamua kanga, akaitundika begani. Hakuonekana mtu mwenye haraka. "Alipatikanaje?"

Scolastika alitazama mlango wa wodi, kulikosikika kicheko. Akafunga bomba. Akaweka bakuli chini, akaketi kwenye ukingo wa saruji, na yule mwanamke akaketi pia.

"Alhamisi saa nne asubuhi," alisema, "nilikuwa nashona. Simu ikaita, nikaikata."